Je, Kuficha Shahada ni Uongo?

Liko swali ambalo kila anayejitolea katika vituo vyetu vya kuwafundisha watu na kuwatafutia kazi hukutana nalo mapema, na mara nyingi tunalijibu kwa haraka kwa sababu foleni ni ndefu. Mtu amefika Marekani na digrii yake. Kazi iliyopo wiki hii ni ya ghalani, kubeba maboksi. Mshauri anausoma wasifu wake, anachukua kalamu, anaukata mstari wa chuo kikuu na kumwambia, "Hii itoe. Watakuona umesoma kupita kiasi." Je, mtu huyo akiitoa atakuwa amesema uongo?

Najua wapo watakaocheka. Kodi ya nyumba inadaiwa tarehe moja, nasi tumekaa tunajadili falsafa! Mtaka cha mvunguni sharti ainame, watasema, na mambo yamekwisha. Lakini wahenga hao hao ndio waliosema mficha uchi hazai. Methali zetu zimegawanyika katika jambo hili, basi itabidi tufikiri wenyewe.

Tumtendee haki mshauri kwanza. Hakuitunga hofu hiyo. Mwaka 1996 bwana mmoja aitwaye Robert Jordan aliomba kazi ya polisi katika mji wa New London, jimbo la Connecticut. Katika mtihani wa akili alipata alama 33. Mji ule ulikuwa ukiwaita kwenye usaili waliopata kati ya 20 na 27 tu, kwa hoja kwamba mwenye akili nyingi ataichoka kazi na kuondoka baada ya wao kugharamia mafunzo yake. Jordan alikwenda mahakamani, akashindwa, na mwaka 2000 mahakama ya rufani ikakubaliana na mji ule. Huyo ni mzaliwa wa nchi hii, anayeongea Kiingereza chao kwa lafudhi yao. Sembuse sisi.

Tena tazama sheria inavyokaa. Katika fani yangu ya uhandisi, jimbo la Wyoming lilikuwa la kwanza kuweka sheria ya leseni, mwaka 1907, na leo kila jimbo lina bodi yake. Bodi hizo zinamwandama anayejiita mhandisi mwenye leseni bila kuwa nayo, yaani anayejiongezea. Sijaona bodi iliyomshitaki mtu kwa kujipunguza. Mimi mwenyewe shahada yangu niliipata Uingereza, na hata hivyo nilitakiwa vyeti vyangu vitathminiwe upya kabla ya kuruhusiwa kukaribia mtihani. Sikuona ajabu. Anayejiongezea huangusha daraja juu ya vichwa vya watu. Anayejipunguza anamwangusha nani?

Hapo ndipo penye kazi, kwa sababu jibu si "hakuna".

Nianze na karatasi yenyewe. Wasifu si ushahidi wa kiapo. Ni kama mchoro. Ninapomchorea fundi njia ya mabomba ya maji, sichori kila waya wa umeme uliomo ukutani, na hakuna atakayeniita mwongo, maana mchoro ule ni wa maji. Lakini kama pale anapokwenda kuchimba pana waya wenye umeme, nami nikanyamaza, nimemuua. Mchoro ni ule ule na kimya ni kile kile. Kinachotofautisha ni kama yule anayeusoma atategemea kimya changu kwa jambo litakalomdhuru. Mtu anayetaka kupanga maboksi anaweza kuandika yale yanayohusu maboksi: kwamba ana afya, anawahi kazini, amewahi kuendesha mashine za kunyanyulia mizigo. Hajamdhulumu yeyote.

Fomu ya maombi ni jambo jingine kabisa, na hapa naona vituo vyetu vinachanganya mambo. Ile fomu ambayo mwishoni unaweka sahihi kwamba yote uliyojaza ni kweli na kamili, na ambayo juu imekuuliza kiwango chako cha juu cha elimu, hiyo imeshakuuliza. Ukijaza "sekondari" umesema uongo, na umeusainia. Zaidi ya hayo umempa mwajiri sababu ya kukufukuza siku yoyote atakayogundua, hata kama kazi unaifanya vizuri kuliko wenzako wote. Na baya kuliko yote ni kuziba pengo. Ukiifuta miaka minne ya chuo na kumi ya ofisini, inabaki shimo, na nimesikia watu wakishauriwa walijaze kwa duka la mjomba ambalo halikuwahi kuwapo. Huko si kupunguza tena. Ni kujenga nyumba ya uongo na kumhamishia mtu na watoto wake ndani.

Na mwajiri, je? Anasema ana haki ya kujua kama nitaondoka kesho. Nimelifikiria hilo sana. Katika majimbo yote ya Marekani isipokuwa Montana, kanuni ya kawaida ni kwamba asiye na mkataba anaweza kuachishwa kazi wakati wowote bila hata kuelezwa sababu. Mwajiri hajaniahidi kwamba kesho kazi itakuwapo. Kwa nini basi mimi nimdai nafsi yangu ahadi ambayo yeye hakuitoa? Akiniuliza uso kwa uso nitakaa muda gani, hapo nitamjibu kweli. Asiponiuliza, mipango yangu ni yangu.

Kwa hiyo kimya chaweza kuwa halali. Lakini halali haitoshi kukifanya kiwe ushauri wa kumpa kila mtu, na hili ndilo ninalotaka tulifikirie sisi tunaokaa upande wa pili wa meza. Kalamu ile inakata kwa wepesi kwa sababu si maisha yetu inayoyakata. Huduma hizi zina vipimo vyake. Sheria ya wakimbizi ya mwaka 1980 inasisitiza mtu ajitegemee haraka iwezekanavyo. Sheria ya mafunzo na ajira ya mwaka 2014, inayogharamia vituo vingi vya kazi nchini, inapima kama mtu ana kazi katika robo ya pili ya mwaka baada ya kuondoka kituoni, kisha robo ya nne, na analipwa kiasi gani. Si vipimo vibaya. Ila katika vipimo vyake vikuu hakuna kinachouliza kama kazi hiyo ina uhusiano wowote na alichosomea. Hivyo aliyekuwa mhandisi na aliyekuwa hana ufundi wowote wakipata maboksi, wote wawili wanahesabiwa sawa, na mshauri amefanya kazi yake. Simlaumu. Nasema tu kwamba anayefaidika na mstari kufutwa si mwenye wasifu peke yake, na ni haki mwenye wasifu alijue hilo kabla hajakubali.

Pia kuna hasara ambayo haimo katika fomu yoyote. Waajiri wa mji mmoja wakipokea kutoka kwetu mamia ya wasifu uliokatwa, wanajifunza kitu juu yetu. Wanajifunza kwamba watu wale wanaoongea Kiswahili ni watu wa maboksi. Kijana wetu aliyesoma hapa hapa akienda kuomba kazi ya ofisini anakutana na picha hiyo imeshatundikwa, na sisi ndio tulioichora, mstari mmoja mmoja, kwa nia njema.

Ndugu mmoja kutoka Lubumbashi, aliyesimamia ujenzi wa barabara kwa miaka kumi na miwili, alikaa mbele yangu Jumamosi moja na karatasi yake imekwisha kukatwa na mwenzangu. Hakulalamika. Aliuliza tu, "Sasa papa, ile miaka kumi na mbili nilikuwa wapi?" Sikuwa na jibu la kifalsafa. Nilimweleza yote mawili, faida ya kukata na gharama yake, nikamwachia kalamu. Yeye akaurudisha mstari wa chuo, na chini yake akaandika kwa maneno machache kwamba anatafuta kazi ya usiku ili mchana asome Kiingereza. Ghala mbili hazikumpigia simu. Ya tatu ilimchukua. Mwingine aliyekuja baada yake, mama mwenye watoto watano na notisi ya mwenye nyumba mkononi, aliukata mstari wake bila kusita, nami nikamsaidia kuupanga wasifu upya. Sioni kwamba mmoja wao alikuwa mwaminifu kuliko mwenzake. Kila mmoja aliamua mwenyewe huku akijua anachoamua.

Ninachowaomba wenzangu wa vituoni ni kwamba tukimshauri mtu akate, siku hiyo hiyo tufungue faili la pili: wasifu kamili, na tathmini ya vyeti ianze kabla maboksi hayajammaliza nguvu. Kwa wahandisi, mtihani wa kwanza una maswali 110, na mtu aliyeacha vitabu miaka mitano atauona mgumu kuliko aliyeacha mwaka mmoja. Kupata nakala za matokeo kutoka vyuo vya nyumbani huchukua miezi, wakati mwingine hadi ndugu aende mwenyewe dirishani kuzifuatilia. Atakayekuja Jumamosi aje na vyeti vya asili, si picha za simu, na kama jina lililo kwenye cheti halifanani na lile la kwenye vitambulisho vya hapa, aseme mapema.