Boazi Alienda Langoni

Neno: Ruthu 4:1–12

Boazi alimtaka Ruthu, lakini hakumchukua kimya kimya. Alienda langoni mwa mji, akaita wazee kumi wawe mashahidi. Ndipo akamwoa.

Sisi husema, "Mungu ameona, inatosha." Ni kweli, ameona. Lakini mzee akifariki, mjane akienda kufuatilia haki zake, hataulizwa kama kwaya iliimba vizuri. Ataulizwa cheti.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 haipendelei kanisa kubwa. Katoliki, PCEA, ndugu zetu Akorino hapa Nyeri na Karatina, na sisi Wapentekoste: mhudumu anayefungisha ndoa sharti awe na leseni ya Msajili wa Ndoa. Basi tusimcheke Mkorino kwa kilemba chake, na huku mchungaji wetu hana leseni!

Mchungaji, kama bado hujapata, waambie wachumba ukweli. Mwite mwenzako mwenye leseni afungishe, wewe uhubiri. Hiyo si aibu. Aibu ni kumwacha binti ya Mungu bila shahidi langoni.

Nanyi mlio kwenye ndoa, mkifika nyumbani leo ulizaneni: cheti chetu kiko wapi? Ameni.