Ufundi wa Motokaa za Mashindano: Je, Ni Kazi au Ni Mchezo?

Wapo wazazi katika nchi ya Mbozi, na kule Tunduma mpakani, waulizao neno hili: "Kijana akitaka kujifunza ufundi wa motokaa za mashindano, tumwache aende? Lori hutuletea chumvi na mbolea. Motokaa ya mashindano huleta nini ila vumbi?" Swali hili ni la haki, wala halifai kuchekwa.

Natulipime. Mwaka 1953 yalianza mashindano ya Safari, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika katika njia za matope na mawe. Mwaka 1963 zilitoka motokaa 84, zikafika 7 tu. Mwaka 1968 zilitoka 93, zikafika tena 7. Njia ya namna hiyo haiulizi uzuri wa rangi. Huuliza kila nati ilikazwaje. Naye Joginder Singh wa Kenya, aliyeshinda mwaka 1965, 1974 na 1976, alikuwa fundi kwanza, ndipo akawa dereva mashuhuri.

Basi mashindano ni mchezo kwake atazamaye, bali kwa fundi ni mtihani. Mwanagenzi hufundishwa kusafisha na kupanga zana. Kisha kupima kwa kipimo wala si kwa kukisia. Kisha kuandika alilolifanya, ili mwenzake ajue. Misingi ya ufundi wa magari hufundishwa katika vyuo vya VETA. Yaliyosalia hupatikana kwa miaka mingi chini ya fundi mkuu.

Lakini liko somo lisilo la mkono. Fundi wa mashindano hupewa dakika za kuhesabu, na motokaa ikichelewa kutoka, kila dakika huleta adhabu ya sekunde 10. Dereva ameshika usukani, watu wanapiga kelele, na nati moja bado haijakazwa. Je, aseme "Tayari," au aseme "Bado"? Hapana aijuaye nati ile ila yeye. Wahenga walinena: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Sasa tutazame kwetu. Malori yaendayo Zambia na Kongo hupanga foleni Tunduma, na vijana hulala chini yake, spana mkononi. Malori hayo hupita mteremko wa Senjele, ambako roho nyingi zimepotea. Pale hapana kombe wala shangwe, lakini breki ni breki. Fundi akisema "Tayari" kabla ya wakati, atakayelipa si mwenye lori peke yake, bali na mama apitaye kando ya njia na mwanawe mgongoni.

Kweli, kazi za mashindano ni chache, na wengi watakaojifunza watarudi kwenye malori. Hiyo si hasara. Aliyezoezwa kusema "Bado" mbele ya saa ya mashindano hatatishwa na dereva mwenye haraka.

Kwa hiyo, ndugu wazazi, kijana akirudi likizo msimwulize mshahara tu. Mwulizeni kama mwalimu wake humruhusu kusema kazi haijaisha. Akijibu ndiyo, mpeni nauli arudi chuoni.