Vidole Vyasifiwa, Akili Haiulizwi

Miaka ile viwanda vingi vikiwa bado kwenye bonde la Gikondo, Kigali, kabla ya kuhamishiwa Masoro, niliingia ghala moja la kahawa. Wanawake walikaa bega kwa bega kwenye meza ndefu, vidole vikiruka kama vya mcheza bao: buni iliyovunjika huku, nyeusi kule, na yenye alama ya mdudu pembeni kabisa. Hiyo ya mwisho ndiyo balaa. Buni moja tu ya aina hiyo ikipita, kikombe kizima kinanuka kiazi kibichi, na mnunuzi anageuza uso. Msimamizi akaniambia, akitabasamu, "Mama hawa wana vidole vyepesi." Macho na akili hakuvitaja.

Sifa za namna hiyo naziogopa. Mwaka 1965 kampuni ya Fairchild ilianza kazi Shiprock, New Mexico, kwenye ardhi ya Wanavajo, jamii ya asili ya Marekani, ikaajiri mamia ya wanawake kuunganisha vipande vidogo vya elektroniki. Kijitabu chake cha 1969 kiliwasifu kwa ufumaji wa mazulia, eti mikono ya mfumaji ndiyo hasa inayofaa kazi hiyo. Michoro ya vipande hivyo, hata hivyo, ilitoka California. Mwaka 1975 wanaharakati wa jamii za asili walikivamia kiwanda, kampuni ikafunga virago.

Ndiyo maana navutiwa na Sandra Begay, mhandisi wa ujenzi, Mnavajo, aliyefanya kazi miaka mingi katika maabara ya taifa ya Sandia, jimbo hilohilo la New Mexico. Yeye alishika mchoro wenyewe. Alishughulikia umeme wa jua kwa jamii za asili, zikiwamo nyumba za Wanavajo zisizofikiwa na nyaya, na akawavuta wanafunzi wa jamii hizo wajifunze kazi.

Sisi Rwanda tuna la kujivunia: katiba ya 2003 iliwawekea wanawake angalau asilimia 30 ya nafasi za maamuzi, na tangu 2011 Gashora ina shule ya wasichana ya sayansi na teknolojia. Ila mimi bado naiwaza ile meza ya kahawa, na mashine za kuchambua buni. Mashine husoma rangi, na buni mbaya haibadiliki rangi kila mara. Anayelijua hilo ni mama aliyezeekea mezani. Binti anayesomea ufundi pale Kicukiro akitaka kuunda mashine bora, aanze kwa mama huyo. Na mwenye kiwanda amlipe mama ada ya mshauri, asiishie kumpiga picha ya kalenda.