Naamani na Chanjo ya Ebola

Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme yasomwa habari ya Naamani, jemadari wa Siria, mwenye ukoma. Nabii Elisha hakutoka nje kumlaki. Alimtumia mjumbe tu, akaoge mara saba katika mto Yordani. Naamani akakasirika. Kwao Damasko mlikuwa na mito mizuri. Kwa nini basi maji ya ugenini? Akageuka kwenda zake.

Hasira ya namna hiyo ilionekana katika Kongo pia. Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza kwamba Ebola imeingia Kivu Kaskazini, upande wa Mangina. Ikafika Beni, Butembo na Ituri. Mwezi ule ule chanjo ilianza kutolewa. Wengi waliipokea, lakini wengine waliikimbia, wakisema kwamba ndiyo inayoleta ugonjwa, au kwamba Ebola ni biashara ya wageni.

Si haki kuwacheka. Watu wa Beni walikuwa wakiuawa kwa mapanga tangu mwaka 2014, na kilio chao hakikuleta magari mengi kama yale yaliyofika kwa ajili ya ugonjwa mmoja. Tena mwezi wa Desemba 2018 uchaguzi uliahirishwa Beni na Butembo, Ebola ikitajwa kuwa sababu mojawapo. Watu wakaona ugonjwa umegeuzwa fimbo ya siasa. Hata sindano yenyewe ina habari yake. Mwaka 1976, Ebola ilipojulikana mara ya kwanza huko Yambuku, ilienea katika hospitali ya misioni yenyewe, kwa kuwa sindano zile zile zilitumiwa kwa wagonjwa wengi bila kuchemshwa vema. Watu 280 walikufa katika mlipuko ule. Mwenye kuogopa sindano, basi, si mpumbavu, ahitaji kuelezwa.

Na ya kuelezwa yalikuwa mengi. Walichanjwa kwanza wale waliomgusa mgonjwa, na wale waliokutana na hao. Jirani aliyeachwa akanung'unika: kwa nini nyumba ile, wala si hii? Lakini wazimao moto wa porini hufyeka majani kuuzunguka moto, hawafyeki pori zima. Kisha ikasikika kwamba fulani amechanjwa, naye amekufa. Habari hiyo ilikimbia kuliko pikipiki. Kumbe Ebola yaweza kujificha mwilini hata siku 21, na chanjo huhitaji siku kama 10 kupata nguvu. Aliyekwisha kuambukizwa aliweza kuugua ingawa amechanjwa. Ndani ya chanjo ile hakuna kijidudu cha Ebola. Kuna kijidudu kingine, cha mifugo, kilichovikwa sehemu ndogo ya ganda la Ebola, ili mwili umjue adui kabla hajafika. Homa na maumivu ya kichwa au ya viungo huweza kufuata kwa siku chache. Heri jambo hilo lisemwe kabla ya sindano, kuliko mtu kuligundua peke yake usiku.

Kuna asemaye: Mungu atanilinda, sihitaji dawa. Maneno hayo hufanana na imani. Lakini Ibilisi naye alimwambia Bwana Yezu ajitupe kutoka juu ya Hekalu, kwa kuwa malaika watamdaka. Bwana akakataa kumjaribu Mungu. Na Yoshua bin Sira afundisha kwamba mganga ni kiumbe cha Mungu, na dawa pia. Kuogopa si dhambi. Kutunga uongo na kuutembeza nyumba kwa nyumba, hiyo ndiyo dhambi, hasa mtoto wa mwingine akifa kwa ajili yake.

Naamani hakugeuzwa kwa amri wala kwa askari. Watumishi wake walimkaribia, wakamwita baba, wakamsemesha polepole, naye akashuka mtoni. Huko Beni waliopona Ebola walifanya kazi ya watumishi wale: waliwalea watoto ambao wazazi wao walilazwa, wakawaeleza majirani mambo waliyoyaona kwa macho yao. Watu zaidi ya 300,000 walikubali kuchanjwa. Mlipuko ulitangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, baada ya watu 2,287 kufa.

Katika kijiji kitakachofikiwa na wachanjaji siku nyingine, mkatekumeni mwenye mashaka na amwendee mwuguzi, amwulize: dawa hii ni ya nini, itanifanya nini kesho, kwa nini mimi? Na mwuguzi asimjibu kwa haraka.