Ufunguo na Mwenye Amana

Chefe wa bairro, yaani mkuu wa mtaa, ambaye ni mjomba wangu kwa upande wa mama, alitaka nimfungulie orodha yote ya wakimbizi wa vita iliyomo katika kompyuta ya ofisi yetu hapa Palma, Msumbiji. Nikamkatalia. Huku kwetu si jambo dogo kumkatalia mtu mzima. "Mwanangu," akaniambia, "watu hawa nawajua mimi. Leo wewe ndiye wa kunizuia nisijue yaliyoandikwa juu ya mtaa wangu?"

Swali lake lilikuwa zito, halikustahili kujibiwa kwa kanuni za ofisi peke yake. Katika programu yetu, anayeingiza majina haidhinishi mgao wa msaada, anayeidhinisha hawezi kufuta jina, mkaguzi husoma tu. Kila anayegusa jina hubaki ameandikwa, na saa yake. Ndani ya orodha mna jina la kila mama, watoto wake, kijiji alikotoka, na mahali anapolala. Hilo la mwisho hunitisha. Tangu mji huu uliposhambuliwa tarehe 24 Machi 2021, watu wakakimbilia Quitunda, wengine wakapanda vyombo kwenda Pemba, kujua mtu analala wapi ni kushika roho yake mkononi.

Nilimkumbusha mjomba Sura An-Nur ya Qurani. Mgeni hupiga hodi, na akiambiwa arudi, hurudi bila kinyongo. Lakini sura hiyo inakwenda mbali zaidi: hata watumishi na watoto wadogo, wanaoingia na kutoka kutwa, wanatakiwa kuomba ruhusa katika nyakati tatu, kabla ya alfajiri, mchana watu wanapopumzika, na baada ya isha. Kumbe kuwa mtu wa nyumba hiyo hakutoshi. Huulizwa pia unaingia saa ngapi.

Kisha kuna habari ya ufunguo wa Kaaba. Mtume alipoingia Makka mwaka 630, mji wote ulikuwa chini yake, na jamaa zake wa karibu waliutaka ufunguo ule. Akamrudishia Uthman bin Talha, na mpaka leo uko kwa ukoo wake. Mwenye mamlaka makubwa kuliko wote hakuona haja ya kushika kila ufunguo. Kwa hiyo sikumvunjia mjomba cheo chake. Kazi yake haihitaji kujua kila mtu analala wapi.

Nami pia nafsi yangu haijatulia. Wafasiri wengi wa Qurani huihusisha habari hiyo ya ufunguo na aya ya 58 ya Sura An-Nisaa, inayoamrisha amana zirudishwe kwa wenyewe. Wenyewe ni nani hapa? Ni mama aliyetaja watoto wake mbele yangu. Sisi wote tuna nenosiri, yeye hana. Skrini inasema Kireno, yeye anasema Kimakwe au Kimwani. Akiandikiwa mtoto mmoja pungufu, atalijua siku ya mgao, foleni ikiwa nyuma yake. Ruhusa zote tumegawiana sisi tunaoishika amana, mwenye amana hakupewa hata ya kusoma, na kwangu huo ni upungufu wa dini kabla haujawa wa programu.

Siku hizi, kabla ya kuhifadhi, mimi humgeuzia mwenye jina skrini na kumsomea mstari wake kwa lugha yake, naye hunisahihisha. Wakubwa nimewaandikia: kila mwenye jina apewe karatasi ya mstari wake, yenye nafasi ya kuonyesha kilichokosewa.