Huyu Kasomeshwa na Nani?

Mwanafunzi akifungua faili la somo kwenye Moodle, mfumo wa masomo ya mtandaoni, hata kama kalifungua kwa bahati mbaya akiwa ndani ya daladala na akalifunga hapohapo, mfumo unaweza kumwekea tiki: amekamilisha. Mhadhiri ndiye anayeamua iwe hivyo, kwa kubofya kisanduku kimoja kwenye mpangilio wa kozi. Warsha tunazopelekwa sisi wahadhiri siku hizi, za kufundisha kwa teknolojia, hutumia muda mrefu kutuonyesha visanduku vya namna hiyo. Mimi nafundisha falsafa ya maadili katika chuo kikuu cha umma hapa Tanzania, na nimezihudhuria warsha hizo vya kutosha kujua kwamba swali gumu kuliko yote haliingizwi kwenye ratiba. Mtu akisema "nimemfundisha fulani", amefanya nini hasa?

Siulizi kwa dharau. Vyuo vilipofungwa Machi 2020 kwa ajili ya korona, wengi wetu tuligundua kuwa njia pekee ya kuwapata wanafunzi ilikuwa makundi ya WhatsApp. Aibu ile ilitusogeza. Kisha ukaja mradi wa elimu ya juu uitwao HEET, kwa mkopo wa dola milioni 425 kutoka Benki ya Dunia, na warsha zikaongezeka. Mwenendo wa warsha hizo kila mtu anaujua: kitambulisho shingoni, chai ya saa nne na sambusa, fomu ya mahudhurio ya kusaini asubuhi na tena mchana ili posho isipate kigugumizi, na cheti siku ya mwisho. Sisi wenyewe tunahesabiwa kuwa tumefundishika kwa sababu tumesaini. Fomu ile na tiki ya Moodle ni imani moja.

Katika warsha mojawapo mwezeshaji alikuwa binti wa kitengo cha TEHAMA, aliyesoma hapohapo chuoni. Akatandaza ukutani ripoti ya kozi: majina upande wa kushoto, mada juu, tiki zimejaa katikati. Profesa mmoja wa sheria, anayekaribia kustaafu, akanyoosha mkono.

"Mwanangu, huyu wa tatu hapa. Mfumo umejuaje kuwa amesoma?"

"Haujui, Profesa. Unajua amefungua."

"Sasa anayejua ni nani?"

Binti akatabasamu kwa adabu. "Hilo linabaki kwako, Profesa."

Watu wakacheka, tukahamia kwenye namna ya kupakia video. Mimi sikuhama. Jibu la yule binti lilikuwa zito kuliko alivyokusudia.

Nimekulia Ngamiani, Tanga, na kabla ya darasa la kwanza nilishapelekwa chuo cha Kurani kwa maalim. Kule, kumaliza sura kulikuwa na maana moja tu. Unakaa mbele yake, msahafu uko juu ya marfaa, unasoma kwa sauti naye amefumba macho kama aliyelala. Ukirefusha pasipo pa kurefusha, macho yanafumbuka, anaisoma aya yeye, unaifuatiza, mnarudi mwanzo. Maalim yule hakuwa mpole, na fimbo yake siitetei hata leo. Ninachokitetea ni sikio lake. Siku aliposema "haya, ingia Tabaraka", alikuwa amejifunga. Ukienda kuboronga mbele za watu kwenye Maulidi, hakuna atakayekusema wewe mtoto. Wazee wataulizana: huyu kasomeshwa na nani? Na jina litakalotajwa ni lake.

Nilipokuja kumsoma Plato nikiwa mkubwa, nilimwelewa kwa njia hiyo. Katika mazungumzo yaitwayo Phaedrus, Socrates anasimulia habari za mfalme wa Misri, Thamus, aliyeletewa zawadi ya maandishi na mungu mmoja akaikataa, akihofu kwamba watu wataacha kukumbuka. Kipande hicho hutajwa kila chombo kipya kinapoingia darasani. Mimi naona hoja yenye uzito ni inayofuata. Maandishi, anasema Socrates, ukiyauliza hurudia lilelile. Huzunguka kila mahali, kwa anayeyaelewa na kwa asiyehusika nayo, bila kujua yanasema na nani. Yakidhulumiwa hayawezi kujitetea, yanamhitaji mzazi wake. Socrates hakuwa na ugomvi na wino. Alichokikataa ni neno lililoachwa liende peke yake, bila mtu wa kulijibia.

Wapo wenzangu wanaozichukia warsha hizi na wanaoikumbatia hoja hiyo ili kuutetea mhadhara wa zamani. Hapo tunaachana. Kozi ya lazima ya mwaka wa kwanza inaweza kuwa na wanafunzi mia sita. Wengine wameketi kwenye ngazi, wengine wanasikilizia dirishani, nami nazungumza kwa kipaza sauti kinachokoroma. Mwili wangu upo, sikatai. Lakini swali la yule wa dirishani halinifikii, na likinifikia silijui jina lake. Kama maandishi yanashitakiwa kwa kusema bila kujua yanasema na nani, basi na mimi nipandishwe kizimbani.

Upande wa pili, umbali peke yake haujawahi kuua ualimu. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho akiwa Efeso, ng'ambo ya bahari, na sehemu kubwa ya barua yake ya kwanza ni majibu ya mambo waliyomwandikia wao: ndoa na nyama iliyotolewa kwa sanamu. Walimuuliza, akajibu kwa jina lake, na lawama za majibu hayo akazibeba. Nelson Mandela alitunukiwa shahada ya sheria na Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, UNISA, mwaka 1989 akiwa bado mfungwa. Hapa kwetu Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kuanza masomo 1994, kimewasomesha walimu na wauguzi ambao wasingeweza kuacha kazi wala familia. Nani athubutu kusema hao hawakufundishwa kwa sababu hawakukaa ukumbini?

Pingamizi kali zaidi latoka kwa Augustino wa Hippo, Mwafrika wa Kaskazini. Yapata mwaka 389 aliandika De Magistro, mazungumzo kati yake na mwanawe Adeodatus. Humo anadai kwamba hakuna mwanadamu amfundishaye mwenziwe. Maneno ni ishara tu. Anayesikia huyapeleka ndani, kwa Mwalimu wa ndani ambaye kwa Augustino ni Kristo, na huko ndiko anakoona kama ni kweli. Ukiipokea hoja hiyo nzimanzima, faili la PDF na mhadhiri wamelingana: wote wawili ni wabeba ishara, na tiki haina kosa. Naikubali nusu yake. Ni kweli kwamba sijawahi kumwingizia mtu ufahamu kichwani. Lakini tazama namna kitabu chenyewe kilivyoundwa. Augustino anauliza, kijana anajibu, anabanwa, anabadili jibu, anakiri pale asipoelewa. Kuona kwa Adeodatus kulikuwa kwake mwenyewe, sawa, ila kulikuwa na mtu aliyekaa kuhakikisha kwamba ameona. Kazi yangu ni hiyo. Ufahamu siugawi, naushuhudia, na ushahidi wangu una jina langu.

Kwa kipimo hicho, kuna mambo ambayo mfumo unayaweza na ukumbi hauyawezi. Ripoti ya Moodle hutaja saa ambayo kila mwanafunzi amefungua somo. Nilipoanza kuisoma kwa makini niliona 02:14, 02:40, 03:05, msururu mzima wa saa nane na saa tisa za usiku. Kwa macho ya haraka ni uzembe wa vijana. Uliza, utaambiwa kwamba bando la usiku ni nafuu, na kwamba chumba cha hosteli cha watu sita hunyamaza saa hizo tu. Ndipo nilipoiona video yangu ya mhadhara kwa jicho la anayeilipia. Nikaitoa, nikaweka sauti peke yake na kurasa chache za maelezo. Sasa hapo pana swali la maadili ambalo sijasikia mwezeshaji akiligusa: kumtazama mtu saa nane za usiku bila yeye kukuona, ni haki yangu kwa misingi gani? Jibu langu ni kwamba macho hayo ni ya halali pale tu anayetazama anapokubali kubadilika kwa alichokiona. Ukichungulia ripoti ili umkate alama za ushiriki, wewe ni mpelelezi. Ukichungulia ukapunguza mzigo wa bando lake, umekuwa mwalimu wake zaidi ya ulivyokuwa jukwaani.

Tangu ChatGPT itoke Novemba 2022, warsha zetu zimepata mada mpya, akili mnemba, na kwa mara ya kwanza shitaka la Socrates linaonekana limejibiwa. Maandishi yanaulizwa, nayo yanajibu, usiku wowote, kwa Kiswahili, bila kuchoka na bila kumcheka muulizaji. Mwanafunzi wa dirishani amepata wa kumuuliza. Sitaki kulipita hilo kama jambo dogo. Kwa mwenye haya ya kunyoosha mkono mbele ya mia sita, ni faraja ya kweli.

Ila wanazuoni wa Hadithi za Mtume Muhammad walishaona zamani kwamba kupata jibu hakutoshi. Kila kauli waliitaka na mnyororo wa majina: fulani kasikia kwa fulani, naye kwa fulani. Kisha wakaunda elimu nzima ya kuwachunguza wenye majina hayo. Ibn Hajar al-Asqalani, aliyefariki mwaka 1449, alikusanya majuzuu ya wasifu wa wapokezi: nani alikuwa na hifadhi imara, nani alichanganya uzeeni, nani hakuwa mkweli. Mpokezi aliweza kuitwa dhaifu, na hukumu hiyo ikamfuata mpaka leo. Maana ya mnyororo ilikuwa kwamba elimu ina watu wa kuulizwa. Imam Malik wa Madina anasifiwa kwa kuulizwa maswali mengi na kuyajibu mengi yake kwa "sijui". Neno hilo lilikuwa dhamana ya majibu yake mengine: anayeogopa kuaibika kwa jina lake hapitishi kitu asichokijua. Programu ya kompyuta haina jina la kuharibikiwa. Ikimpa mwanafunzi wangu hoja iliyombunia mwanafalsafa Kant maneno ambayo hakuyasema, hakuna mzee atakayeitwa barazani. Kesho itajibu wengine kwa utulivu uleule.

Basi kwa kila chombo ninachoonyeshwa warshani nina swali moja: mwanafunzi akipotea humu, nani ataitwa? Nimeiondoa tiki ya kufungua faili. Badala yake, kila mada kubwa ina kazi ya sauti: mwanafunzi anajirekodi kwa simu dakika mbili, akieleza hoja kwa maneno yake kama anayemweleza mdogo wake nyumbani, kisha anapakia. Faili ni dogo, bando halilii. Mimi na wahadhiri wasaidizi tunagawana kusikiliza, na tiki tunaiweka kwa mkono. Katika sauti hizo nasikia jogoo, muadhini, mtu anayesonga ugali, na nasikia pale mwanafunzi anaposita kwa sababu hoja imemkatikia katikati. Hapo ndipo pa kumrudisha. Chombo kilekile cha warsha kimenipa sikio ambalo ukumbi ulikuwa umeninyang'anya.

Lakini sikio lina ukomo wake, na hapa teknolojia haina la kusema. Sauti mia sita za dakika mbili ni saa ishirini za kusikiliza, kabla sijaandika neno hata moja la kumjibu mtu. Na makala zinanisubiri, maana cheo hupandishwa zaidi kwa machapisho kuliko kwa wanafunzi walioelewa. Kwa hiyo wahadhiri wanaokibofya kile kisanduku siwaiti wavivu. Wengi wamepiga hesabu wakaona kwamba mtu mmoja hawezi kuwabeba watu mia sita kwa jina lake, na mfumo ukawapa namna ya kuonyesha kwamba wamewabeba.

Kosa liko kwenye kuiita hali hiyo kufundisha. Nikitia saini kwamba nimewasomesha watu ambao siwezi kuulizwa habari zao, nimetoa ushahidi wa jambo nisilolishuhudia. Maadili hayana jina jingine la kitendo hicho, hata kama amekiagiza mkuu wa ndaki na kimefadhiliwa kwa dola. Ndiyo maana natamani warsha moja ianzie mahali tofauti. Kabla ya nywila na kabla ya chai, kila mhadhiri agawiwe karatasi aandike ni wanafunzi wangapi anaoweza kuwajibia kwa jina lake katika muhula mmoja. Karatasi zikusanywe, na wakuu wetu wawepo ukumbini zinaposomwa.