Nani Ameanguka Kando Yako?

Andiko la kusoma: Warumi 5:3–4, Wagalatia 6:2



Juzi baada ya ibada ya vijana, kijana mmoja aliniuliza, "Pasta, kuua mtu kwenye Free Fire ni dhambi?" Kusi imeanza, hoteli anayofanyia kazi imefungwa mpaka wageni warudi, na simu iko mkononi.

Kwa wazazi wasiojua: hii ni gemu ya simu. Watu 50 wanashuka kisiwani kwa parachuti, wanawindana, na anayebaki wa mwisho ndiye mshindi. Ili upande daraja, unarudia usiku baada ya usiku. Ukitaka mavazi ya kung'aa, unanunua dayamondi kwa pesa halisi.

Sikumwita muuaji. Anayepigwa mle hafi. Dakika si nyingi yuko mechi nyingine, na wote wameingia wakijua sheria. Lakini nilimuuliza, "Ukikutana na mgeni ambaye hata kulenga hajui?" Akacheka, "Huyo ni wa kumaliza tu!" "Na mwenzako wa kikosi akianguka?" Uso ukabadilika. "Huyo lazima umfufue, hata kama risasi zinakujia."

Yaani mwenzako akipigwa huanza kutambaa, nawe unainama kando yake sekunde kadhaa, adui anakuona, mpaka ainuke.

Wapendwa, jibu hilo nimelibeba wiki nzima. Kijana huyu tunamwita mvivu. Lakini mtu anayeshindwa mara arobaini akaanza ya arobaini na moja si mvivu. Saburi anayo. Kujitoa kwa mwenzake pia anako. Swali ni anavitumia wapi.

Nilisoma biashara, kwa hivyo hili nalielewa: mwenye gemu hupima ugumu. Ikiwa rahisi sana utachoka, ikiwa ngumu sana utaondoka, basi anakuwekea katikati ili urudi kesho. Dhiki anayoisema Paulo haikupimwa hivyo. Deni la dukani halikungoji upate nguvu, na mama akiugua hakuna kitufe cha kuanza upya. Saburi ya dhiki hiyo ndiyo inayomjenga mtu mpaka afikie tumaini. Saburi ya gemu, ikibaki ndani ya gemu, inakupa levo nyingine tu.

Nikamwambia, "Risasi hizo si dhambi. Lakini mamako anaamka saa kumi usiku kukanda mahamri peke yake. Huyo si wa kikosi chako?" Alinyamaza. Sijui ataamua nini.

Njiani kurudi nyumbani swali likanigeukia mimi. Kijana huyu hana kazi tangu hoteli ifungwe. Kila Jumapili namshika mkono mlangoni, "Barikiwa!", halafu namgeukia anayefuata. Wenzake wa kisiwani wanainama kando yake akianguka. Sisi je, tunaobebeana mizigo?

Zoezi la wiki: mtaje kwa jina mtu mmoja aliyeanguka karibu nawe. Mwende kabla ya Jumapili. Nami nitakwenda.

Mchungaji Msaidizi